Siku Tatu Katika Mlima Meru

Jioni hii twapenda kuwaeleza habari za safari yetu ya siku tatu katika Mlima Meru. Haikuwa safari ya mashujaa. Kileleni hatukufika, wala hatukurudi na picha za kuwaonyesha jamaa. Lakini twaona kwamba yaliyotupata yafaa kusikiwa na kila mtu aliye na watoto chini ya mkono wake, awe mwalimu, awe mzazi, au awe kiongozi wa kundi lo lote. Ndiyo sababu tumekubali kuyasema, ijapokuwa sehemu yake moja yatuaibisha.

Katika chuo chetu cha ualimu pana chama cha matembezi. Mara moja kila mwezi wanachama huvaa viatu vya kazi, huchukua chakula kidogo na maji, wakaenda kwa miguu kuitazama nchi. Hapo kwanza tulikuwa tukitembea karibu tu, katika vilima vilivyouzunguka mji wa Arusha na kando ya mto Themi. Hata vijana walipozoea, wakaanza kuutazama mlima wenyewe. Maana mtu akaaye Arusha hawezi kuusahau Mlima Meru. Afunguapo dirisha alfajiri, upo mbele yake. Anyweshapo mboga zake, maji yatoka huko. Mvua za masika na za vuli, zitokazo upande wa bahari, huupiga mlima upande wa kusini na wa mashariki. Kwa hiyo upande huo una migomba na mibuni, bali upande wa kaskazini ni nchi kavu ya majani mafupi na miiba.

Basi tukaazimia kwenda. Watu wajuao mlima walituambia kwamba safari ya starehe ni siku nne, ili mwili upate kuzoea. Lakini fedha za chama zilikuwa chache, na masomo yalitungoja siku ya Jumatatu. Tukaamua kwenda kwa siku tatu: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Tafadhali likumbukeni neno hili, maana ndilo kosa letu la kwanza.

Tuliondoka Arusha Ijumaa asubuhi, katika mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi. Tulikuwa watu kumi, walimu wawili na wanafunzi wanane. Tukapita Tengeru, tukafika Usa River, tukaiacha barabara ya Moshi na kushika njia iendayo Ngurdoto. Huko gari lilisimama kidogo, na mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akatukaribia.

"Shikamoo, mzee," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Mwaenda wapi na mizigo hii yote?"

"Twaenda kuupanda mlima, mzee."

"Mmepotelewa na ng'ombe?"

"La, mzee."

"Basi mwatafuta nini huko?"

Tukatazamana. Kijana mmoja akajibu, "Twataka kufika juu."

"Na mkisha kufika?"

"Tutashuka, mzee."

Mzee akacheka sana. Kisha akatutazama mmoja mmoja, kama mtu ahesabuye mbuzi zake jioni, akasema, "Haya, nendeni salama. Lakini mrudi wote kama mlivyokwenda." Vijana wakacheka, na gari likaondoka.

Kabla hatujaendelea, yafaa tuwaeleze mlima wenyewe, kwa ajili ya wale wasiopata kuuona. Mlima Meru una urefu wa mita 4,562, yaani karibu futi 15,000. Katika nchi ya Tanzania ni wa pili kwa urefu, baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895. Ni mlima wa moto. Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, ubavu wake wa mashariki ulibomoka wote, na tope na mawe yakamiminika mpaka nchi iliyo chini ya Kilimanjaro. Mabonde yaliyobaki kati ya vifusi hivyo yakajaa maji, na ndiyo maziwa ya Momella tuyaonayo leo, ambayo maji yake ni ya magadi na heroe huja kula humo. Kwa hiyo mlima umebaki kama chungu kilichovunjika upande mmoja. Katikati ya chungu kimeota kilima cha majivu chenye urefu wa zaidi ya mita 3,600 juu ya bahari. Nyuma yake pana ukuta wa mawe ulioinuka karibu mita 1,500. Moto wake wa mwisho ulionekana mwaka 1910, nao ulikuwa mdogo.

Jambo jingine lawahusu hasa watu wa vijijini. Mawe ya mlima huu yana madini iitwayo floridi, nayo huyeyuka katika maji ya chemchemi na mito. Kidogo chake huyafaa meno, lakini kikizidi huyatia rangi ya kahawia, na kikizidi mno hudhuru hata mifupa ya watoto. Shirika la Afya la Ulimwengu limesema kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu moja na nusu ya floridi, na maji ya vijiji vingi vya huko yamepita kadiri hiyo. Tena kuchemsha maji hakuiondoi; huua vijidudu tu. Basi msiwacheke watu wenye meno ya namna hiyo mkidhani ni wachafu. Si uchafu, ni mlima.

Sasa turudi katika safari yetu. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1960, nayo kwanza iliitwa kwa jina la Ngurdoto. Mwaka 1967 mlima uliunganishwa nayo, ndipo ikaitwa Hifadhi ya Arusha. Katika lango la Momella tulipewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana hapana ruhusa kuupanda mlima huo bila yeye. Tulidhani bunduki ni desturi tu. Kumbe hatujatembea nusu saa, nyati zaidi ya ishirini wakainua vichwa vyao katika majani, wakatukazia macho. Askari akatunyamazisha kwa mkono, akatuzungusha kwa upole upande mwingine, akasema, "Hapa ndiyo nyumbani kwao. Sisi ni wageni." Tulivuka mto, tukawaona twiga na ngiri, kisha tukaingia msituni. Juu yetu mbega walirukaruka katika mitarakwa mirefu, mikia yao myeupe ikipepea kama vitambaa.

Njia ilianza kupanda kwa nguvu. Kijana mmoja akasema viatu vyake vyamuuma, na mwingine akasema amechoka. Nasi walimu, kwa kutaka kuwatia moyo, tukasema kwa sauti ya mzaha, "Mlima hauwataki walialia. Mwalimu wa kesho halalamiki." Wote wakacheka, na malalamiko yakakoma. Tukajiona tumesema neno la hekima. Hilo lilikuwa kosa letu la pili, nalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Jioni tulifika Miriakamba, penye nyumba za wasafiri, kimo cha mita 2,500 hivi. Tulipokwisha kula makande tulikaa barazani, tukatazama chini upande wa mashariki na kaskazini, mpaka giza likaifunika nchi ya Ngare Nanyuki. Hapo tuliwaeleza vijana habari za nchi ile. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili ardhi hiyo wapewe wazungu wa kufuga ng'ombe. Nyumba ziliteketezwa, na watu wakapelekwa Kingori. Wameru walichanga fedha zao, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kuyaeleza mashaka ya watu wake. Hakupewa alichokwenda kukiomba. Lakini ulimwengu ulisikia, na watu wa Tanganyika walijifunza kwamba mnyonge naye aweza kusema. "Kirilo," tuliwaambia vijana, "hakukaa kimya." Wasikilizaji wetu, yatazameni mambo ya wanadamu! Mchana tulikuwa tumewaambia wasilalamike, na usiku ule ule twamsifu mtu kwa kuwa alilalamika.

Siku ya Jumamosi tuliondoka mapema. Njia ilipanda kwa ngazi nyingi za miti na udongo. Tukapita Topela Mbogo, tukapita Mgongo wa Tembo. Miti ilianza kuwa mifupi, yenye kuning'inia ndevu za kijani, na upepo ukawa baridi. Baada ya adhuhuri tukafika katika tandiko la mlima, mahali paitwapo Saddle Hut, kimo cha zaidi ya mita 3,500. Baada ya kupumzika tulipanda Meru Mdogo, wenye mita 3,820, kisha tukarudi tule na kulala mapema.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwapo kijana mmoja ambaye hatutamtaja jina. Ni mtu hodari, mcheza mpira, mwenye mapafu mapana. Sisi sote tulidhani atakuwa wa kwanza kufika. Jioni ile hakula. Tulipomwuliza akajibu, "Nimeshiba, Mwalimu." Katika Meru Mdogo alikuwa akitembea nyuma ya wote, tulidhani amwonea huruma mwenzake mchovu. Usiku alitoka nje mara mbili. Aliulizwa na mwenzake, akasema ni maji mengi aliyokunywa. Kumbe alikuwa akitapika.

Saa saba za usiku tuliondoka kwenda kileleni, kila mtu na tochi yake, tumejifunika kofia za sufu na mablanketi. Nyota zilikuwa nyingi mno. Baada ya mwendo wa saa moja na zaidi tulifika Rhino Point, yaani Ncha ya Kifaru. Kutoka hapo njia hupita juu ya ukingo wa ule ukuta tuliowaeleza, na mtu akiteleza mahali pabaya hana wa kumwokota. Askari akasimama, akatumulika nyuso. Alipofika kwa kijana yule akakawia.

"Kijana, waumwa?"

"La, mzee, mimi mzima."

"Haya, tembea hapa mbele yangu. Weka kisigino cha mguu huu mbele ya vidole vya mguu huu, hatua kumi."

Kijana akajaribu. Hatua ya tatu akapepesuka kama mlevi, na mwenzake akamdaka. Askari akamwuliza tu wangapi. Akafikiri sana, akasema, "Sita." Naye alijua vema kwamba tu kumi.

"Tunarudi," askari akasema.

Hapo ndipo mashindano yalipotokea, nasi twaona vibaya kuyaficha. Wanafunzi wengine walisema kilele ki karibu. Mmoja akalia, maana alikuwa ameweka akiba miezi mingi kwa ajili ya saa ile. Mwingine akashauri mgonjwa afunikwe mablanketi, akae nyuma ya jiwe kubwa mpaka turudi. Mgonjwa mwenyewe naye akasihi, "Niacheni hapa, nitawangoja. Msirudi kwa ajili yangu." Na sisi walimu? Kwa muda wa dakika chache, ndugu zetu, tuliona kwamba shauri hilo lafaa. Tulikuwa tumeahidi chuoni kwamba tutafika. Tulifikiri juu ya maneno ya watu kuliko kufikiri juu ya kijana yule.

Askari hakugombana na mtu. Alisema polepole, "Mwalimu, ugonjwa huu nimepata kuuona. Mtu hukaa nyuma ya jiwe kungoja wenzake. Wenzake warudipo, haamki. Kama ni mwanao, utamwacha?"

Hatukuwa na jibu. Askari alikuwa mmoja, na kundi lisingeweza kugawanyika usiku ule. Wote kumi tukageuka.

Tulipofika Saddle Hut hatukukaa. Askari alisema dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kushuka, na ya pili ni kushuka, na asubuhi ni mbali. Tukamshika mgonjwa huku na huku, askari akatangulia na bunduki kwa ajili ya nyati, wapagazi wakafuata na mizigo. Kila tuliposhuka kidogo, maneno ya kijana yakawa na maana zaidi. Jua lilitukuta katika Mgongo wa Tembo. Mbingu za mashariki zikawa nyekundu, na Kibo ikatokea juu ya mawingu, nyeusi kwanza, kisha ya rangi ya waridi. Kijana akasimama, akatazama, akasema, "Mwalimu, ule si Kilimanjaro?" Tukajibu, "Ndio." Akasema, "Nina njaa." Hatukupata kusikia neno tamu kuliko hilo. Huko Miriakamba mpishi alimpikia mtori, akala bakuli mbili, akalala. Adhuhuri aliamka, akatembea hatua kumi bila kupepesuka, tukashuka salama.

Sasa, ugonjwa huu ni nini? Hewa ituzungukayo ina uzito. Huku chini imeshindiliwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake, kama unga ulio chini ya gunia. Kadiri upandavyo, hewa huwa nyepesi, na kila pumzi huleta kidogo cha kuutia mwili nguvu. Karibu na kilele cha Meru pumzi moja yafaa zaidi kidogo ya nusu ya pumzi ya mtu aliye pwani. Mwili una akili yake, huweza kuzoea, lakini wataka siku. Ukiharakishwa, kichwa huuma, chakula hukataliwa, na mtu hutapika. Hiyo ndiyo alama ya kwanza, na mtu asiendelee juu mpaka apone. Akiwa anapepesuka au anapotewa na akili, au akikosa pumzi hata akiwa ameketi, hayo ni mauti yapiga hodi; ashushwe saa ile ile, hata kama ni usiku. Tena ugonjwa huu haumchagui mnyonge. Wenye nguvu hupatwa mara nyingi, kwa kuwa hukimbia.

Wajuzi wa mambo haya hushauri kwamba mtu akiisha kupita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Sisi tulitoka Arusha, kimo cha mita 1,400 hivi. Usiku wa kwanza tukalala penye 2,500, na usiku wa pili penye zaidi ya 3,500. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule aweza kuiona kuwa mbaya. Siku moja tuliyoibana kwa kuhifadhi fedha ilikuwa karibu kutugharimu mtu.

Lakini hesabu siyo yote. Baadaye, tuliporudi chuoni, tulimwita kijana yule, tukamwuliza kwa nini alificha. Alitazama chini, akasema, "Mwalimu, mlisema mlima hauwataki walialia." Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa akijibu swali tu.

Wasikilizaji wetu, neno lile tulilitamka kwa mzaha, tukalisahau kabla ya kufika Miriakamba. Yeye alilibeba mpaka Ncha ya Kifaru, na lilikuwa zito kuliko mzigo wake. Ndivyo yalivyo maneno ya mkubwa kwa mdogo. Mara ngapi mtoto hunyamaza darasani tumbo likimwuma, kwa kuwa tulimwita mvivu? Mara ngapi binti huficha homa kwa sababu nyumbani husifiwa yule asiyelala mchana? Uvumilivu ni jambo jema, nasi hatukuja kuwafundisha watoto uvivu. Lakini kuvumilia taabu ni kitu kimoja, na kuficha hatari ni kitu kingine. Mtoto hawezi kupambanua mambo hayo mawili asipofundishwa, wala hatasema asipojua kwamba atasikilizwa.

Siku hizi katika chama chetu tuna kanuni mpya. Kila jioni ya safari, kila mtu, mwalimu kwa mwanafunzi, huulizwa mbele ya wenzake: umekula nini, umelalaje, kichwa chauma? Mwalimu hujibu kwanza. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mwalimu mmoja alikiri kwamba goti lamsumbua tangu asubuhi. Mara wanafunzi watatu nao wakayataja ya kwao. Na safari ya Meru tunaiandaa tena, kwa siku nne.

Wako chuoni waliotucheka. "Mlikwenda mlimani mkarudi na nini?" Hatukuwajibu sana. Siku ile ya Jumapili, gari letu lilipopita Ngurdoto jioni, yule mzee alikuwa pale pale na mbuzi zake. Alituinulia fimbo, nasi tukasimama kumwamkia.

"Mlifika juu?" akauliza.

"Hatukufika, mzee."

Akayapitisha macho yake juu yetu, mmoja mmoja, mpaka wa kumi. "Mmefika," akasema, akaenda kuwafuata mbuzi zake.